Orodha Nyuma ya Mlango

Mazungumzo ya asubuhi yaliyosomwa redioni
Somo: 2 Wafalme 4:1-7

 

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya orodha. Si orodha ya majina kanisani, wala si ile ya kwenda nayo sokoni, bali ni orodha ya vitu ambavyo mtu hutamani kuwa navyo. Twadhani kila nyumba inayo. Wengine wameiandika kwenye karatasi, wengine wanayo moyoni tu. Fundi wa nguo anatamani cherehani ya umeme. Mkulima anatamani pampu ya maji. Kijana wa kwaya anatamani gita. Yetu sisi ilikuwa orodha ya vyombo vya kupigia picha, nayo ilibandikwa nyuma ya mlango wa chumba chetu kwa muda wa miaka minne.

Kwanza yafaa tujieleze. Sisi ni mume na mke. Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwingine ni karani katika chama cha ushirika cha maziwa. Kupiga picha si kazi yetu, wala hakutupatii chakula. Tunapiga picha kwa kupenda tu, kama vile mwingine apendavyo kuvua samaki au kucheza bao. Miaka kadhaa iliyopita tulinunua kamera iliyokwisha kutumika kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Ilikuja na betri moja, mkanda uliochakaa wa kuvaa shingoni, na lenzi moja, ile ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ya milimita 18 hadi 55. Siku ile tulirudi nyumbani tukifurahi kama watoto wa Krismasi. Tukapiga picha za kuku, za mlango, za sufuria, za jirani akikama ng'ombe, za mvua ikishuka juu ya mabati. Kila kitu kilikuwa kizuri.

Furaha ile ilidumu kama miezi mitatu. Kisha tukaanza kusoma habari za kamera, na kutazama picha za watu wengine, na kuuliza kila mmoja alitumia chombo gani. Ndipo tukachukua karatasi na kuandika.

Cha kwanza kilikuwa lenzi ya milimita 50. Wale wasiojua kamera watuvumilie kidogo, maana jambo hili ni rahisi kulielewa. Ndani ya lenzi mna tundu la kupitishia mwanga, na namba iliyoandikwa juu ya lenzi hueleza upana wa tundu hilo. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi yetu, ikivutwa hadi mwisho wake, haifunguki zaidi ya namba 5.6. Ile ya milimita 50 tuliyoitamani hufunguka hadi namba 1.8, nayo huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Mtu akipiga picha jioni, ndani ya nyumba yenye taa moja, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Cha pili kilikuwa lenzi ndefu, ya milimita 70 hadi 200, yenye tundu pana. Hiyo huleta karibu kilicho mbali. Ina uzito wa kama kilo 1 na nusu, na bei yake ilizidi karo ya mtoto wetu kwa muhula mzima, lakini tuliiandika. Cha tatu kilikuwa tripodi, ile stendi ya miguu mitatu. Cha nne, flashi ya kuweka juu ya kamera. Cha tano, filta ya kukata mng'ao wa maji na vioo. Cha sita, begi lenye vyumba. Na sasa angalieni jambo hili: begi lile lilikuwa la kubebea vitu ambavyo hatukuwa navyo bado.

Kila mwisho wa mwezi tuliitazama orodha ile. Ikiwa tulikuwa na akiba kidogo, tulijiuliza kama sasa tungeweza kufuta kitu kimoja. Mara nyingi hatukuweza. Lakini ni mara nyingi sana tulipoongeza kitu. Orodha ilianza na vitu 6, na mwishoni ilikuwa na vitu 17.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba ni dhambi kutamani chombo kizuri cha kazi. Fundi mwenye msumeno butu hana sifa yoyote mbinguni kwa sababu ya ubutu wa msumeno wake. Wengi wenu mnakumbuka jina la Mohamed Amin, mpiga picha mzaliwa wa Nairobi. Mwaka 1984 yeye na mtangazaji Michael Buerk walifika Korem, nchini Ethiopia, na picha alizozichukua kule zilifanya ulimwengu uone njaa iliyokuwa ikiwaua watu. Mwaka 1991 alikatika mkono katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa. Akatengenezewa mkono wa bandia wa kumwezesha kushika kamera, akarudi kazini, naye alifanya kazi hiyo hadi alipokufa katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro mwaka 1996. Kwa mtu kama yule chombo cha kazi kilikuwa sehemu ya mwili wake. Hakuna anayeweza kumwambia mtu huyo kwamba zana si kitu.

Basi kosa letu halikuwa kuandika orodha. Kosa letu tutawaeleza sasa, ijapokuwa si jambo rahisi kulisema mbele ya watu.

Katika ushirika wetu alikuwapo mama mmoja mzee. Wajukuu zake walimwita Nyanya, na sisi pia tulimwita hivyo. Alikuwa mjane wa miaka mingi. Aliketi daima kwenye benchi la pili, upande wa dirisha, na wakati wa kutoa sadaka alitembea polepole hata kwaya ililazimika kurudia wimbo. Siku moja baada ya ibada alitujia tukiwa na kamera.

“Wanangu,” alisema, “mtanipiga picha lini?”

“Hivi karibuni, Nyanya,” tukamjibu. “Tunangoja lenzi.”

“Lenzi ndiyo nini?”

“Ndiyo jicho la kamera.”

“Na hilo jicho lililopo ni kipofu?”

Tulicheka sana, naye akacheka, tukaenda zetu.

Mara ya pili alikuja amejitayarisha. Alivaa sare ya chama cha akina mama, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimepigwa pasi. Ibada ilikwisha saa saba, na jua lilikuwa utosini. Tukamweleza kwamba jua la namna ile hutia kivuli kibaya machoni, na kwamba hatuna flashi ya kukiondoa. Maneno yale yalikuwa kweli. Lakini hatua 10 tu kutoka pale tulipokuwa tumesimama palikuwa na baraza ya kanisa, yenye kivuli kizuri cha paa. Hatukulifikiria hilo. Tulifikiria flashi.

Mara ya tatu hakuomba. Alitushika mikono yote miwili, akasema, “Mkilipata lile jicho, mje nyumbani.”

Nyanya alifariki katika mvua za mwezi wa Aprili.

Siku ya pili ya matanga, binti yake mkubwa alikuja nyumbani kwetu. Mnajua jinsi ilivyo: watu wa familia wanatayarisha karatasi ya utaratibu wa mazishi, na ukurasa wa mbele unataka picha. Aliketi, tukampa chai. Akasema, “Mama alituambia ninyi mna picha yake nzuri. Alisema aliwaomba.”

Tulikaa kimya. Kisha tukatafuta. Tulitafuta kuanzia saa mbili ya usiku hadi saa saba. Tulikuwa na picha zaidi ya 6,000. Tulikuwa na picha za machweo, za maua, za kunguru juu ya mti. Tulikuwa na picha 40 za chupa moja juu ya meza, tulizozipiga ili kupima kama lenzi yetu inaona vizuri kwenye pembe. Nyanya tulimwona mara mbili. Mara moja kwenye harusi, mgongo na kitambaa cha kichwa. Mara ya pili kwenye ukingo wa picha ya kwaya, nusu ya uso, na nusu nyingine imekatwa.

Familia yake ilitumia picha ya kitambulisho. Ilipokuzwa ikawa na ukungu, na macho yake hayakuonekana vizuri. Ndiyo iliyokuwa juu ya jeneza, na ndiyo iliyoko ukutani kwa binti yake hata leo. Yule binti hakutulaumu kwa neno lolote. Alisema, “Asanteni kwa kutafuta.”

Ndugu wapendwa, usiku ule baada ya mazishi tulisoma somo la leo, habari za mjane katika siku za nabii Elisha. Mumewe amekufa, ameacha deni, na mwenye deni anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama huyu analia mbele ya nabii. Nasi twajua kwamba mtu mwenye shida kama ile anayo orodha ndefu: anahitaji fedha, anahitaji mtetezi, anahitaji muda. Lakini tazameni swali la nabii. Hakumwuliza amepungukiwa na nini. Alimwuliza ana kitu gani ndani ya nyumba. Na mama akajibu kama wengi wetu tunavyojibu, kwamba hana kitu. Halafu, kama mtu anayekumbuka jambo lisilo na maana, akataja mafuta kidogo.

Mafuta yalikuwapo siku zote. Yalikuwapo alipokuwa akilia. Hakuyahesabu kwa sababu alikuwa akihesabu yale asiyokuwa nayo.

Tena tunaona nabii alimtuma kwa majirani kuazima vyombo. Vyombo vyenyewe vilikuwa vitupu. Akafunga mlango, akamimina, na mafuta hayakukoma mpaka vyombo vilipokwisha. Sisi hatusemi kwamba kamera yetu ilifanyiwa muujiza. Lenzi yetu haikupanuka hata kidogo. Lakini swali lile lilituhukumu. Tulikuwa tumewaambia majirani zetu wangoje, wakati chombo kimo ndani ya nyumba.

Tukaondoa ile karatasi nyuma ya mlango. Hatukuichana. Tuliigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe, tukaandika juu yake kichwa kipya: Watu. Siku iliyofuata tukamwendea mzee wa kanisa na katibu wa chama cha akina mama, wakatusaidia kukumbuka majina ya wazee wa mtaa wetu ambao hawana picha yoyote isipokuwa ya kitambulisho. Yalifika majina 23. Orodha hii ilikuwa ndefu kuliko ile ya vitu. Nayo ilikuwa na tofauti moja: lenzi ndefu ingeendelea kuwapo dukani mwaka ujao, lakini hatukuweza kusema hivyo juu ya jina hata moja katika yale 23.

Tulianza Jumamosi. Twataka kuwaeleza jinsi tulivyofanya, kwa sababu huenda kuna msikilizaji mwenye kamera ndogo au simu tu, anayedhani hawezi.

Hatukuwa na flashi. Basi tuliketisha mzee ndani ya nyumba, hatua moja kutoka mlangoni, akitazama nje. Mwanga unaoingia mlangoni asubuhi, jua lisipompiga mtu moja kwa moja, ni mwanga mpole. Hujaza uso bila kuleta vivuli vikali. Ikiwa mwanga ulitoka dirishani upande mmoja, tulimwomba mjukuu ashike shuka nyeupe upande wa pili, nayo ikarudisha mwanga kidogo kwenye shavu lenye giza. Taa ya umeme tuliizima, maana rangi yake huchanganyika vibaya na mwanga wa mchana.

Hatukuwa na tripodi. Tulichukua mfuko mdogo, tukautia maharagwe kama kilo 2, tukaushona. Ukiuweka juu ya kiti na kulaza kamera juu yake, maharagwe hukaa sawasawa na umbo la kamera, nayo haitikisiki. Kisha kamera inayo saa yake ya kungoja sekunde 2 kabla ya kupiga, ili kidole kisiisukume. Jambo hili lilikuwamo ndani ya kamera yetu siku zote. Hatukuwa tumelisoma.

Tulijifunza pia juu ya weusi wetu. Kamera hukadiria mwanga kwa kudhani kwamba kila kitu kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha kadiri, si cheupe wala si cheusi. Mtu mweusi akiketi mbele ya ukuta mweupe, au akivaa kitambaa cheupe kichwani, kamera huona weupe ule na kupunguza mwanga, na uso wake hutoka ukiwa giza tupu. Ni wangapi miongoni mwetu wametoka hivyo katika picha za harusi, tukadhani kosa ni la nyuso zetu? Si kosa la nyuso. Ni hesabu ya kamera. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa hatua moja, au kumhamishia mtu mbele ya ukuta wa rangi ya udongo. Hata kwenye simu nyingi, ukigusa uso wa mtu kwenye kioo, simu hujua kwamba uso ndio unaotakiwa, na mwanga huongezeka.

Haya yote hayakutugharimu shilingi, ila ya maharagwe, nayo tulikuja kuyapika.

Tangu siku zile tumesoma habari za mpiga picha mmoja wa Afrika Magharibi, Seydou Keïta wa mjini Bamako, nchini Mali. Alianza maisha akiwa seremala. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal akiwa na kamera ndogo ya Kodak, akampa. Mwaka 1948 alifungua studio nyumbani kwake. Kitambaa alichokitundika kwanza nyuma ya wateja kilikuwa shuka ya kitandani mwake, yenye mashada pembeni. Mara nyingi alipiga picha nje uani kwa mwanga wa jua, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alimpiga mtu picha moja tu. Mara moja! Kwa hiyo ilimpasa amtazame mtu vizuri kwanza: namna ya kukaa, mikono iwe wapi, kichwa kigeuke kiasi gani. Watu wa Bamako walikuja wakiwa wamevaa vizuri, wakapeleka picha kwa ndugu zao. Miaka ya 1990, picha zile zile zilitundikwa katika majumba ya maonyesho huko Marekani na Ufaransa, na watu walisimama mbele yake wakizistaajabia. Shuka yake ya kitanda ilikuwamo.

Tulipoisoma habari ile tulitazamana. Sisi tulikuwa na shuka nyumbani.

Si kila mzee katika orodha yetu alikubali. Mzee mmoja alikataa. Alitukaribisha, akatupa chai, akatuambia kwamba picha zote alizopigwa maishani zilikuwa za amri: simama hapa, vua kofia, tazama mbele, usicheke. Hakutaka tena. Tulifunga kamera ndani ya begi la kawaida, tukaongea naye mpaka jioni juu ya ng'ombe na mvua. Tunaendelea kumtembelea, bila kamera. Jina lake tumeliacha kwenye orodha, kwa sababu orodha ile, kama mnavyokumbuka, kichwa chake ni Watu, si Picha.

Wengine walikubali kwa furaha. Mama mmoja alibadilisha nguo mara tatu. Babu mmoja aliomba apigwe akiwa na fahali wake. Wawili walifariki mwaka ule ule. Kwa hao wawili, familia zao zilipokuja, hatukutafuta hadi saa saba ya usiku.

Jambo moja lilitugharimu fedha. Picha ikikaa ndani ya kadi ya kamera haimfikii mzee asiye na simu. Ilitupasa kuzisafisha kwenye karatasi, picha kubwa moja kwa kila mtu. Fedha zile tulizitoa katika akiba ya ile lenzi ndefu. Akiba ikaisha, na lenzi ndefu hatukuinunua. Je, tunaitamani bado? Ndiyo, tunaitamani. Hatutawadanganya. Tukipita mbele ya duka fulani mjini Nairobi bado tunasimama dirishani. Na ile ya milimita 50, yenye tundu pana, tuliipata baadaye kwa bei nafuu, ikiwa imetumika, nasi tunaifurahia, maana nyumba za wazee wengi zina giza. Sasa tuna kazi ya kuifanyia.

Basi, msikilizaji mpenzi, twakuuliza na wewe. Orodha yako inasema nini? Labda unangoja kiti kizuri ndipo uwakaribishe wageni. Labda unangoja gari ndipo umtembelee mama yako kijijini, wakati matatu inapita kila saa. Labda unangoja sauti nzuri ndipo uimbe, au elimu zaidi ndipo ufundishe watoto wa shule ya Jumapili. Na pengine kuna mtu ambaye amekuomba jambo dogo mara mbili, nawe umemwambia angoje. Mtu huyo hatakuomba mara ya nne.

Tena twawasihi jambo lililo dogo kabisa. Wengi wenu mnayo simu yenye kamera, au mtoto wenu anayo. Juma hili, kabla ya Jumapili, mpigeni picha mzee mmoja wa nyumbani kwenu. Mwombeni ruhusa kwanza. Mketisheni karibu na mlango. Msimwambie asicheke. Kisha ipelekeni picha ile studio mjini, isafishwe kwenye karatasi, maana simu hupotea na simu huanguka majini. Nyuma yake andikeni kwa penseli jina lake kamili, mahali, na mwaka. Watoto wa watoto wenu watashukuru kwa sababu ya yale maandishi ya penseli.

Ile karatasi yetu ingali nyuma ya mlango, upande wa Watu ukitazama nje. Majina mengine yamefutwa kwa kalamu, na mengine yameongezwa. Juu kabisa tumeandika jina la Nyanya. Hilo hatuwezi kulifuta.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, utusamehe kwa ajili ya wale tuliowaambia wangoje. Utufundishe kuona kilichomo ndani ya nyumba zetu, hata kama ni kidogo, na utuonyeshe jirani anayekihitaji leo. Uwafariji wote waliobaki na picha moja tu ya mpendwa wao, au wasio na picha kabisa. Wewe unazijua nyuso zao zote. Tunaomba haya katika jina la Yesu Kristo. Amina.